Injini yetu imo kwenye trei za mayai: niongeze pesa au niende kuichukua?

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kisumu. Mimi ni muuzaji wa vifaa vya ujenzi, na kabla msomaji hajaniweka kundi moja na mabwanyenye, niseme kwamba ndege ninayoililia ina umri kumzidi fundi anayeitengeneza. Ni Cessna 172 ya mwaka 1978, viti vinne, injini moja. Tuliinunua watu watatu: mimi, shemeji yangu ambaye ni kaka wa mke wangu, na daktari mmoja anayependa kwenda nayo Rusinga na Kitale. Mchango wa kila mmoja haukuzidi bei ya Probox iliyotumika.

Shida ilianza Novemba 2023, siku ya kubadilisha oili. Fundi wetu hapa Kisumu huwa hatupi filta kabla ya kuipasua. Aliikata kopo, akaitandua ile karatasi ya ndani iliyokunjwakunjwa, akaisuuza kwa petroli ndani ya beseni jeupe. Humo vikang'aa vimeta vya chuma; nilidhani ni mwanga wa jua. Akachukua sumaku ndogo aliyoifunga kwenye kijiti, akaipitisha chini ya beseni, na vile vimeta vikaanza kuifuata kama siafu. Hakusema kitu. Aliifuta mikono, akaniuliza mara ya mwisho kuruka ilikuwa lini.

Wanaojua injini hizi wameshacheka. Yetu ni ile Lycoming O-320-H2AD, farasi 160, iliyofungwa kwenye 172 za miaka ile ya 1977 hadi 1980, na sifa yake mbaya inajulikana: kamshafti, mhimili unaofungua vali, na tapeti zake, vipande vidogo unaovisukuma, huliwa mapema. Kamshafti iko juu ya krenkishafti, ule mhimili mkuu unaozungusha rafadha, kwa hiyo ndege ikikaa bila kuruka oili yote hushuka chini na chuma hubaki kikavu. Kisha uweke unyevu wa ziwa letu. Mwaka wa korona ndege ilikaa miezi saba. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilikuwa nikienda kila wiki mbili, naiwasha, naiacha ingurume dakika kumi, naizima, narudi dukani nikijiona mlezi mwema. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba nilikuwa naiharibu: dakika kumi pale chini haziipashi oili moto wa kutosha kukausha maji, zinayatengeneza tu na kuyaacha humo ndani. Hilo ni langu, nalimeza.

Injini ilikuwa imefanya saa 1,612 tangu oveholi iliyotangulia, yaani kufunguliwa yote na kujengwa upya. Kiwanda kinataja saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia, kwa hiyo hatukuwa mbali na siku yake. Tukaishusha, tukaifunga kwenye pikapu, ikapanda Kericho, ikapita Nakuru, ikafika Nairobi uwanja wa Wilson, kwenye karakana ambayo sitaitaja. Shemeji alitaka karakana nyingine, ghali zaidi. Mimi ndiye niliyesema tuchukue hii. Kumbukeni hilo, maana nyumbani kwangu halijasahaulika.

Kwoteshoni ya kwanza ilikuwa dola 31,000, kazi ya wiki 12, na malipo ya awali asilimia 60. Tukalipa Januari 2024. Mnaokumbuka Januari ile mnajua dola ilikuwa wapi: tulizinunua kwa shilingi 160. Dola 18,600 zikatutoka kwa shilingi 2,976,000, na fungu la shemeji, shilingi 992,000, lilikuwa mkopo wa sako. Kufika katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Yaani kungoja miezi sita tu kungetuokolea zaidi ya laki tano unusu, na injini hata isingekuwa imeguswa, kwa sababu haikuguswa. Wiki 12 zilipokwisha, nilipopiga simu niliambiwa "iko kwa laini". Ilifunguliwa mwezi wa sita.

Ilipofunguliwa, kila wiki ikaleta msiba wake. Kamshafti, sawa, tulijua. Tapeti, sawa. Halafu wakaona ufa kwenye kasha la injini, zile nusu mbili za alumini zinazoibana krenkishafti katikati, karibu na mguu wa silinda nambari tatu. Wanasema halichomelewi hapa: lazima lipelekwe Marekani kwa watu wa kazi hiyo, likachomelewe, lipimwe, lirudi na cheti. Silinda nazo, walizokuwa wamesema zitatengenezwa upya, sasa wanasema zinunuliwe mpya zote nne. Na ile rejeta ndogo ya kupozea oili nayo itupwe, kwa kuwa vimeta vilivyoingia humo havioshwi vikaisha na vitakuja kuila injini mpya. Hoja hiyo ya rejeta naikubali kabisa. Ninachouliza ni kwa nini haikuwemo kwenye kwoteshoni ya kwanza, wakati sisi tuliwapelekea filta yenyewe ndani ya mfuko wa nailoni.

Hesabu mpya ni dola 43,400. Nyongeza ya asilimia 40. Na kabla kasha halijasafirishwa wanataka dola 8,000 mkononi.

Mwezi wa Machi nilipanda basi la usiku nikaenda kuiona kwa macho. Bwana Mhariri, injini ilikuwa juu ya rafu ya mbao. Vali na tapeti zilikuwa kwenye trei za mayai, zile za karatasi, zimeandikwa nambari kwa kalamu ya wino mzito. Krenkishafti ilikuwa imepakwa grisi na kufungwa kwa gazeti. Nililisoma tarehe, la Oktoba. Magneto yetu, kile kifaa cha kutoa cheche, ambayo kwa injini hii huwa mbili ndani ya kasha moja, sikuiona. Nilipouliza, kijana mmoja akasema "imepelekwa kupimwa", mwingine akasema "iko stoo". Mwenye karakana alinipa chai nzuri sana.

Huku Kisumu nako ndege haijalala bure. Cessna ikitolewa injini huelemewa na mkia, kwa hiyo tumefunga mifuko miwili ya mchanga pale mbele injini ilipokuwa ili isikae kitako. Mbayuwayu wamejenga humo. Ada ya maegesho inakatwa kila mwezi, bima ya kukaa chini inalipwa, na cheti cha kuruka kimekwisha muda, kwa hiyo hata injini ikirudi kesho kuna ukaguzi mwingine unaotungoja. Leo ni mwezi wa kumi na sita tangu tulipe.

Sasa fikra zetu zimegawanyika. Daktari anasema tuiuze ilivyo, mwili peke yake, tugawane tutakachopata. Mnunuzi mmoja amekuja, akazungushia macho ile mifuko ya mchanga, akataja bei ambayo sitaiandika hapa kwa heshima ya ndege. Shemeji anasema twende na pikapu tukachukue vyote, trei na magazeti, tupeleke kwa ile karakana yake ya kwanza. Nimeshawauliza hao. Wanapokea, lakini wanasema injini iliyofunguliwa na mtu mwingine kwao ni mzigo wa vyuma: watapima kila kipande upya, kisicho na karatasi hawakiamini, na bei hawaitaji hadi waone. Pia nimeuliza habari ya kubadilishana na kiwanda, uwape ya zamani wakupe iliyojengwa upya. Tatizo ni lile lile kasha; ya zamani wanaitaka nzima, na ikiwa na ufa, thamani ya kurudishiwa inakatwa.

Kuna na wazo la kufunga injini kubwa zaidi, ya farasi 180, jambo linaloruhusiwa kwa vibali maalumu na ambalo wengi wamelifanya ili waachane na hii H2AD. Kwa uwanja kama wetu, mita zaidi ya elfu moja juu ya usawa wa bahari na jua la saa nane mchana, nguvu ya ziada ni neema. Ila huko ni kununua injini nyingine kabisa, na shemeji nikimtajia mkopo wa pili hatakuja kwangu Krismasi.

Mimi moyo wangu unaelekea kulipa. Najua unavyosikika. Lakini dola 18,600 ziko pale, na kila nikifikiria kuondoka naona nazitupa. Halafu usiku nageuza: huenda hiyo ndiyo sababu mbovu kuliko zote za kuongeza nyingine 8,000. Mke wangu, anayeuza simiti na kufunga hesabu za duka letu, aliniuliza swali moja tu: mteja akikulipa asilimia 60 ya mabati na ukakaa nayo mwaka mzima, ungethubutu kumwomba nyongeza? Sikumjibu.

Karakana inataka jibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Ninachoomba kwa wasomaji waliopitia haya, wawe wa ndege au hata wa matrekta na boti, ni mambo mawili. Kwanza, nikiamua kulipa, je, kuna njia ya kuzilipa zile 8,000 moja kwa moja kwa wachomeleaji wa kasha huko Marekani badala ya kuzipitisha kwa karakana, na je, mwenye karakana ana haki ya kukataa? Pili, nikiamua kuichukua injini, ni karatasi gani nisitoke langoni bila hizo? Najua vyeti vya vipande vipya walivyokwisha nunua, na daftari la injini. Je, vipimo vya krenkishafti walivyochukua ni vyangu au ni vyao? Na hiyo magneto, niidai vipi bila kugombana na watu ambao bado wameshika vali zangu?

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi,
Kisumu