Pesa ni ya nauli, si ya matone

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako wa kuomba pesa ya matone ya macho nimeupata. Nimetuma, ila hiyo ni nauli ya kosta, Tukuyu hadi Mbeya na kurudi, wewe na Atu, mkaone kliniki ya macho pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Isiingie duka la dawa hata shilingi.

Donge halijanitoka. Mtoto kachomwa na mwiba jichoni Jumamosi, kafikishwa hospitali Jumanne! Siku tatu mnamtia matone aliyobakiza Mama alipotolewa mtoto wa jicho. Matone yale yana deksamethazoni. Yanafuta wekundu, nanyi mkasema jicho limetulia, kumbe yameifunga mikono kinga ya mwili na vijidudu vinazaliana. Shangazi asiseme namdharau. Huku nimekabidhiwa kusimamia chumba cha upasuaji wa macho, mimi mtoto wa kule Katumba; nikinyamaza kwa jicho la Atu, nitakuwa nimesomea nini?

Tundu la mwiba ni dogo, hujifunga lenyewe, uchafu umeshabaki ndani. Katikati ya jicho kuna ute usio na mishipa ya damu. Dawa ya kumeza hufika kidogo mno, na matone huishia mbele. Ndiyo maana walimlaza usingizi wakamchoma humo humo sindano za dawa za kuua bakteria: vankomaisini miligramu 1, seftazidimi miligramu 2.25, kila moja kwenye mililita 0.1, kama matone mawili tu, na kila moja na bomba lake kwa sababu zikichanganywa hugandana. Mama asione walimtesa. Kuna vijidudu vya udongoni ambavyo huua jicho kwa siku moja au mbili. Atu kaponea chupuchupu.

Sasa msibweteke. Mwiba ni mmea, na mmea hubeba kuvu, ambayo huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye jicho likiwa limeshasahauliwa. Kila asubuhi mkalishe dirishani, mmulike kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona mstari mweupe kama maziwa umetuama chini, mbele ya ile duara ya rangi, huo ni usaha: pandeni gari saa hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki. Kope zikivimba au maumivu yakirudi, vivyo hivyo. Asile kitu njiani, maana huenda akalazwa usingizi tena, na chakula kinataka muda wa saa sita kiwe kimeshuka.

Kuona kwake usimuulize, mtoto wa miaka minne atakwambia anaona. Mzibe jicho zima, lile lisiloumia, kwa kiganja, mwonyeshe kitu akipendacho. Akilia na kuusukuma mkono wako, lile jingine halioni vizuri. Wakiagiza jicho zima lizibwe saa kadhaa kwa siku, fuateni, hata akigombana na nyumba nzima. Ubongo wake bado unajifunza kuona. Jicho lililoumia lisipotumika sasa, litapona kwa nje na kubaki halioni.

Na wale wengine wanaocheza kwenye ua la michongoma (kaka, ua hilo likatwe, nimelisema tangu msiba wa Babu): akichomwa mtu, msioshe jicho, msilikamue, msimtie maziwa ya mama wala dawa ya tyubu. Mwiba ukiwa umesimama, uacheni. Kateni kitako cha kikombe cha plastiki, kifunikeni bila kugusa jicho, gundi ishike kwenye paji na mfupa wa shavu. Andikeni saa aliyochomwa. Na waulizeni kuhusu sindano ya pepopunda.

Huku saa tisa mchana giza limeanza kuingia. Jana nimenunua ndizi za kupika, nimezichemsha na maharage, hazina ladha ya kwetu hata kidogo. Mwambie Mama ndaga fijo, asante sana, kwa kulala na mtoto wodini.

Alhamisi mkitoka kwa daktari nipigie ukiwa bado hapo hapo, unisomee walichoandika kwenye kadi.

Mdogo wako