Mpwa wangu, yule mzee haangushi masufuria

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, na maneno uliyoyafuatisha nyuma yake nimeyapokea pia. Eti wewe, mpiga dramu wa maharusini, umesikiliza dakika tatu tu za ule muziki wa jazz niliokutumia: "Mjomba, huyu mzee hapigi dramu, anaangusha masufuria." Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Halafu nikaudhika, ndiyo maana nakujibu hadharani.

Mzee mwenyewe ni Paul Motian, Mmarekani mwenye asili ya Armenia, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1931. Kushika mapigo alikujua sana. Ndiye aliyekuwa kwenye dramu na mpiga piano Bill Evans pale Village Vanguard, klabu ya jazz ya New York, tarehe 25 Juni 1961, akipiga kwa upole ambao hata mama yako angeuvumilia. Siku 11 baadaye mpiga besi wao, Scott LaFaro, alikufa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 25, umri wako huo.

Miaka ya 1980 Motian akawa na kikundi chake cha watu watatu: Joe Lovano kwenye saksafoni, Bill Frisell kwenye gitaa, yeye kwenye dramu. Besi hamna. Chukua ngoma yetu ya pwani uiondolee vumi, ile ngoma ya sauti nzito, uone watakaobaki wanavyotazamana.

Hao ndio niliokutumia. Sasa sikiliza upya, ila safari hii mwache Motian, mfuate Lovano. Saksafoni yake inaimba wimbo kabisa, wimbo wenye kichwa na mkia, unaoweza kuupigia mluzi hapa Tanga kutoka Chumbageni hadi Raskazone. Hao watatu walirekodi tungo za Thelonious Monk, mpiga piano na mtunzi wa jazz, wakarekodi na nyimbo za zamani za maigizo ya Broadway, kule kwenye kumbi za New York, tamu tupu. Ukishaushika wimbo, ndipo urudi kwa mzee. Anagusa sahani ya dramu mara moja. Ananyamaza. Anaburuza brashi, kisha anakita ngoma ya mguu mahali ambapo wewe usingethubutu. Frisell naye anaivuta noti mpaka hujui imeishia wapi. Lakini wote watatu wakifika mwisho wa ubeti, wanafika pamoja!

Umewahi kuendesha baiskeli umeachia mikono? Swali la kijinga, umekulia Ngamiani. Basi unajua: anayeachia usukani akaanguka ni yule aliyekuwa bado hajajua kuendesha. Mwendo umeshaingia kiunoni, mikono inafanya itakavyo. Motian yuko hapo.

Najua utaniambia nini. Kwenye harusi, mpiga dramu akinyamaza hata kidogo watu wanarudi kwenye viti, na malipo yanapunguzwa. Kweli, na sikulaumu. Babu yako alicheza dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz hapahapa Tanga, na ile "jazz" ya kwenye majina yao ilikuwa rumba ya kuchezesha miguu, haikuwa na habari na Monk. Muziki wa kucheza una haki yake. Tena nikuambie ukweli, hata huyu mzee wangu si kila siku ananishika. Kuna vipande vinaelea, vinaelea, mpaka mimi nashuka njiani nakwenda kuchemsha chai.

Kinachonisumbua ni kitu kimoja. Mwezi uliopita nilikusikiliza ukipiga, na muda wote ulikuwa kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Kila nafasi ukaijaza. Mwimbaji wenu ana sauti nzuri, nimeisikia alipokuwa anajaribu kipaza sauti, kabla hujaanza.

Jumamosi baada ya laasiri nitakuwa barazani. Njoo na ngoma ndogo moja na brashi; ile kubwa ya mguu iache huko. Mimi nitaimba, wewe utanifuata kwa mbali. Na umwambie dada yangu samaki nitanunua mimi.

Mjomba wako