Barua kwa Mama Pacha, baada ya kusafiri na viazi vyetu

Uyole, Mbeya

Mama Pacha mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Natumaini wewe, baba watoto na mapacha hamjambo. Sisi huku wazima, ila mgongo wangu bado haujasahau lile lori.

Najua ulibaki na kinyongo siku ile niliposhuka na mzigo pale sokoni kwako Majengo, Dodoma. Viazi vilichelewa nusu siku, gunia 14 hazikuwemo, na wateja wako wa chipsi walikuwa wameshanunua kwa mwingine. Sikukujibu vizuri kwa sababu nilikuwa nimechoka, na wewe ulikuwa na hasira. Sasa nimetulia, nakuandikia yote niliyoyaona, kwa sababu miaka minne tumepakia mzigo huku na kuupokea huko bila hata mmoja wetu kujua katikati kuna nini.

Unakumbuka ulivyoniagiza: "Gunia zijae, wateja wangu wanapenda zilizojaa." Nami nikawaambia vijana washindilie, na juu waongeze kichwa cha nyavu, ile lumbesa ya viazi vya ziada juu ya mdomo wa gunia, kama kawaida yetu. Tulipakia gunia 100. Kwenye karatasi ni tani 10, maana sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kabla hatujaondoka nikaomba tupime gunia tatu kwenye mizani ya jirani, kwa kutaka kujua tu. Moja lilisoma kilo 122, la pili 125, la tatu 128. Piga hesabu mwenyewe: tulikuwa tumepandisha tani 12 na nusu, na dereva amelipwa nauli ya tani 10.

Tuliondoka saa kumi jioni. Igurusi, Chimala, Igawa, gari linakwenda taratibu mpaka nikaanza kuona aibu mabasi yalivyokuwa yanatupita. Makambako tukafika saa tatu usiku, upepo wa pale unaujua, unapenya mpaka kwenye mifupa. Tukaingia mizani. Dereva alinieleza tukiwa kwenye foleni: tangu 2019 huku kwetu inatumika ile sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, na kila ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu ya kushoto na kulia, inasomwa peke yake. Gari kama lile la ekseli mbili, mbele ni tani 8, nyuma penye matairi manne ni tani 10, basi. Ukizidisha unalipa faini na mzigo unashuka. Yetu ilizidi nyuma, na ilizidi jumla.

Hapo ndipo gunia 14 ziliposhushwa. Hakuna aliyeziiba, Mama Pacha, na ulilomwambia yule kijana utingo mbele za watu lilimuumiza sana. Nilizishusha mimi. Nikaziuza usiku uleule kwa bei ya kutupa, maana ningezilinda na nani? Zilizobaki ikabidi zipangwe upya kusogezwa mbele, na yule kijana ndiye aliyepanda juu kwa tochi ya simu, akafungua turubai, akabeba gunia moja moja kwa kichwa mpaka saa sita. Gunia la kilo 125, mtu mwenye umri wa kifungua mimba wangu. Nilipomwangalia shingo yake inavyotetemeka nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu kile kichwa cha nyavu nilikishona mimi kwa shazia yangu.

Tukalala pale, dereva kitini, kijana chini ya gari, mimi kwenye kitanda cha nyuma ya kiti. Saa kumi alfajiri tukaondoka. Mafinga kumepambazuka, Iringa tukanywa chai.

Sasa nisikilize kuhusu Nyang'oro. Sisi tukisikia mlima wa Iringa tunafikiria Kitonga, lakini anayekwenda Dodoma haendi Kitonga, anapitia Nyang'oro, na ukitoka na mzigo Mbeya ule mlima unaushuka. Kabla ya mteremko dereva alisimama, akazunguka gari zima akigonga matairi, akavuta kamba, akarudi akaweka gia nzito kabla gari halijaanza kuinama. Akaniambia ukishaanza kuteremka ndipo utafute gia, huipati tena, na breki peke yake ikikanyagwa muda mrefu inapata moto na kukataa. Tukashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kona ya kulia, kona ya kushoto, ukuta wa mlima upande mmoja, upande mwingine unaona vilele vya miti chini yako.

Na simu ya dereva ikawa inaita. Ilikuwa kwenye dashibodi, imeandikwa "Mama Dodoma". Ikakatika, ikaita tena. Nilihesabu, ulipiga mara 11 kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Mara moja, kwenye kona, aliinyanyua. Mkono mmoja usukani, mkono mmoja simu, akakwambia, "Mama, tunakuja, tumekaribia." Hatukuwa tumekaribia. Alisema hivyo kwa sababu akisema ukweli unamgombeza na kumtishia nauli. Nilimpokonya simu nikaizima. Kwa hiyo uliposema amekuzimia simu, aliyezima ni mimi, na nikiwa kwenye ule mlima tena nitazima.

Nusu ya mteremko kuna mahali pa kuegesha. Tukasimama, kijana akaruka kuweka kigingi mbele ya gurudumu. Kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua. Dereva akasogeza kiganja karibu na gurudumu la nyuma, hakuligusa, akalisikiliza joto kama unavyopima paji la mtoto mwenye homa. Akasema tungoje. Tukangoja dakika 40. Nikauliza kwa nini asimwagie maji, akasema chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinapasuka. Dakika zile 40 ndizo ulizodhani tumekaa kula.

Kuanzia Migori mpaka Mtera ni joto, unavua sweta la Mbeya unalitupa. Pale bwawani nilipenyeza mkono chini ya turubai, gunia zilikuwa na unyevu na joto kama mkate uliofunikwa. Viazi vinapumua, Mama Pacha. Tunavifunika gubigubi visipigwe jua vikawa kijani, ni sawa, lakini tukifunga pande zote vinatoka jasho na kuoza, vya katikati kwanza. Ule uozo uliouona kwenye gunia za chini ulianzia pale, na kwa sehemu ulianzia shambani, kwa sababu vilichimbwa na matope, ngozi bado laini. Hilo ni langu, nitalirekebisha na wakulima wangu wa Umalila.

Dodoma sasa inakula kuliko zamani. Tangu serikali ihamie, Mtumba ile watu wanaongezeka kila mwezi, na najua usipokuwa na mzigo asubuhi mwenzako wa Majengo au wa soko la Ndugai anamchukua mteja wako. Sitaki upoteze biashara. Lakini nimefikia uamuzi, na nakuomba tuwe pamoja katika hili.

Gunia langu halitavuka kilo 100 tena. Bei tutapatana kwa kilo, na wateja wako uwapimie kwa kilo, watazoea. Nitapakia asubuhi badala ya jioni, dereva alale Iringa kitandani, ateremke Nyang'oro mchana akiwa na macho. Wewe hesabu mzigo kuingia kesho yake mchana, ukiwahi ni bahati. Turubai litaachwa wazi kidogo mbele na nyuma upepo upite. Risiti za ushuru na karatasi ya idadi ya gunia nitampa dereva, na nakala nitakutumia kwenye simu. Ukitaka kujua wamefika wapi, nipigie mimi. Yeye amekubali kunipigia akiwa amesimama: Makambako, Iringa, Mtera, Fufu. Nitakueleza kila kituo.

Na yule kijana, tafadhali, akifika safari hii mwite pembeni uongee naye. Hakuniomba nikwambie. Alikaa kimya njia nzima ya kurudi.

Lori linapakia Alhamisi, gunia 95, viazi vikavu vilivyokaa kivulini siku nne. Niandalie nafasi kwenye stoo upande ule usiovuja. Mapacha nimewafungia parachichi kwenye kapu dogo, liko kwenye kabati la gari, usiache lichanganywe na mzigo.

Ni mimi rafiki yako,
Mama wa Uyole