Kimondo kilichohama mkoa

Leipzig, Jumapili jioni

Babu, shikamoo.

Mimi mzima, ni baridi tu inanionea. Natumaini goti la Bibi limetulia na kahawa haijashambuliwa na wadudu.

Uliniuliza kwenye simu hasa nasomea nini, nikababaika. Ni falsafa. Ngoja nijaribu tena kukueleza, safari hii kwa kimondo chetu cha Mbozi.

Juzi darasani tulibishana juu ya Nelson Goodman, mwanafalsafa wa Marekani aliyefariki mwaka 1998. Alidai hata nyota tunazitengeneza sisi, si kwa mikono, bali kwa kuchagua kipi kihesabiwe pamoja na kipi. Kundi la nyota halikujipanga lenyewe. Ni sisi tuliozifunga pamoja kama mafungu ya nyanya sokoni. Mwenzake, Israel Scheffler, akamkatalia: mafungu sawa, ila nyota zenyewe ziliwaka kabla hajazaliwa wa kuzitazama. Wa upande wa Scheffler ni wanauhalisia. Wa Goodman wanaitwa wanakonstraktivizimu, usijisumbue kulitamka.

Nikanyoosha mkono. Nikawaambia kwetu kuna pande la chuma, tani zaidi ya kumi, urefu kama mita tatu, lilianguka kutoka angani. Mwaka 2016 lilihama Mkoa wa Mbeya likaingia Songwe, na halikusogea hata inchi. Wakacheka sana. (Wewe mwenyewe mpaka leo unasema uko Mbeya.) Mpaka wa mkoa tumeuchora sisi, tungeweza kuupitisha kwingine. Je, ule uzito kauchora nani?

Nikadhani nimemaliza. Mwalimu akaniuliza: kabla hajawepo mtu, hicho kimondo kilikuwa kitu kimoja? Au chuma na nikeli vimeshikana tu, hakuna wa kusema "moja"?

Hapo nilikwama, Babu. Najua jembe likigonga pale linadunda, ukiite kimondo au jiwe la mizimu. Lakini hiyo "moja" inatoka wapi? Wapo waliosema pande zote zina ukweli wake. Jibu hilo silipendi, ni la watu waliochoka kubishana. Wewe ungemjibuje?

Hela ya mbolea nimeituma kwenye simu ya Baba Mdogo. Hela nayo ni makubaliano ya watu tu, ila mwenye duka Mlowo usimwambie hivyo.

Mjukuu wako