Mhariri, hizo picha za mafundi wa Kihindi zina wenyewe

Mhariri salaam. Majuzi mlitoa picha za kuchora za India, dobi na mkewe, sonara, mbeba maji na kiriba chake, chini mkaandika "picha za kale za Waingereza" basi. Jamani hapana. Hela ilikuwa ya Waingereza, mikono iliyochora ni ya Wahindi, na inaniuma hilo likipita hivihivi.

Maofisa wa East India Company, ile kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala India, walitaka kitu cha kupeleka kwao, kuonyesha watu wanavaa nini na wanafanya kazi gani, kamera hazijaja bado. Wachoraji wa miji ya Murshidabad, Patna na Thanjavur, ambao wengine wao walizoea kuchorea manawabu, yaani watawala wa kienyeji, na kule kazi zinapungua, wakageuza mkono, wakashika karatasi za Ulaya na rangi za maji na vivuli vya kizungu. Zikawa zinauzwa kwa seti, mume na mke wamesimama na vifaa vya kazi yao, nyuma hamna kitu. Nyingine walichora juu ya ulanga (mica), yale madini yanayobanduka vipande vyembamba vya kuona upande wa pili, na hizi ndo nazipenda kuliko zote, maana unakuta kichwa kimoja kwenye kadi halafu vipande vya ulanga vyenye nguo tofauti unaviweka juu yake, mtu yuleyule anakuwa askari, mara mchuuzi!

Wachoraji wengi majina yao hayakuandikwa ila sio wote. Patna kulikuwa na Sewak Ram, Delhi Ghulam Ali Khan, na Yellapah wa Vellore miaka ya 1830 alijichora mwenyewe akiwa kazini. Hata waliochorwa, ile albamu ya William Fraser, ofisa wa kampuni hiyohiyo kule Delhi, 1815 mpaka 1819, watu wengi wamo na majina yao kabisa, wakati kwenye zile seti za kuuza ni "fundi viatu na mkewe" tu.

Halafu seti zilikuwa zinanakiliwa tena na tena, kwa hiyo msituambie kila dobi wa India alivaa vile.

Mkizitoa tena naomba muandike mji, mwaka, na jina la mchoraji kama linajulikana, na kama halijulikani wekeni "mchoraji wa Kihindi". Victoria and Albert Museum, makumbusho ya London, wameshaweka nyingi mtandaoni pamoja na maelezo yake, ni kufungua tu.

Msomaji wenu, Tanga