Kwenu vijana mliooa walimu

Assalaam alaykum wanangu. Barua hii nawaandikia nyinyi vijana wa Pemba, na wa Unguja pia, mlio na wake walimu. Walimu wenyewe siwaandikii, wao kazi yao wanaijua. Mimi ni mzee wa miaka 74, nakaa shamba huku upande wa Wete, nimeoa mwalimu mwaka 1978 na mpaka leo alhamdulillahi niko nae. Nimemuomba ruhusa kabla sijaandika, kasema andika lakini jina langu usilitaje, basi humu namwita Mwalimu tu, na ndo tunavyomwita hata nyumbani.

Kilichonifanya niandike ni maneno niliyoyasikia barazani wiki ilopita, kijana mmoja analalamika mkewe mwalimu wa darasa la pili akirudi hana muda nae, usiku yuko na madaftari tu, na wenzake wakamwambia mkataze, kazi za skuli zibaki skuli. Nilinyamaza pale lakini usiku usingizi haukuja, kwa sababu maneno yale yale na mimi niliwahi kuyasema.

Kwanza mjue huyu nilomuoa ni mtu gani. Mwaka 1964 alikuwa na miaka tisa na hajawahi kukaa darasani, babake mchumaji tu wa karafuu za watu, ada angeitoa wapi. Mzee Karume alipotangaza elimu bure tarehe 23 Septemba mwaka ule ndo na yeye akaandikishwa, mkubwa kuliko wenzake, akawekwa nyuma. Kutoka hapo akasoma mpaka Chuo cha Ualimu Nkrumah kule Unguja, kapanda meli na sanduku lake la bati. Kwa hio ualimu yeye anauona deni, na mtu mwenye deni kama lile huwezi kumwambia muda wa kazi umekwisha.

Kafundisha miaka 38, mingi darasa la kwanza. Sijui kama mnajua darasa la kwanza ni kitu gani, mtoto anakuja penseli anaishika kama kisu, na wako watoto 80 chumba kimoja, wengine chini. Penseli hazitoshi, basi Mwalimu alikuwa akinunua kwa mshahara wake, usiku anazikata katikati kwa wembe, anachonga vipande vyote viwili, anavifunga kumi kumi kwa mpira. Hata leo droo ya kabati letu ukiifungua utakuta vipande vile.

Kuna miaka alipangiwa Kojani, kisiwa kidogo hapa ubavuni mwa Pemba. Tulikuwa na mtoto wa miezi minane, anavuka nae asubuhi kwa dau, kambeba mgongoni kwa kanga, madaftari kayatia mfuko wa nailoni yasirowe. Kojani ni watu wa bahari, ikifika wakati wa dago, yaani kwenda kupiga kambi ya uvuvi mbali, wavulana wanaondoka na baba zao na darasa linabaki nusu. Yeye hakugombana na akina baba, alikuwa akiwafata akina mama, anakaa nao chini wanasuka ukili, anawambia huyu mwanao akijua kusoma ndo atakaekusomea barua za babake kutoka dago. Hilo lilikuwa likiwaingia. Wengine walibaki wakasoma.

Sasa nyumbani. Anaamka saa kumi za usiku, kisimani, muhogo jikoni, watoto wavae, huyo kaenda skuli. Anarudi kachoka anakuta kuni, nazi haijakunwa, nguo, na watoto wakitoka chuo cha Kurani wana njaa. Mimi nilikuwa navua, na msimu ukifika niko na karafuu, nikirudi nakaa barazani nangojea chakula. Hakuna alonambia ni makosa, baba zetu wote walikaa hivo.

Usiku mmoja, mwanetu wa tatu bado ananyonya, nikamwambia zima taa nilale, mafuta yanakwisha na mimi alfajiri nna bahari. Hakujibu kitu. Kachukua kandili na madaftari na mtoto katoka. Nikalala. Usiku wa manane natoka uani namkuta jikoni, kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi maana ndo kiti pekee kilichokuwepo, madaftari kayapakata, mtoto kalala pembeni kwenye kipande cha jamvi, mkono mmoja anatia vema kwa wino mwekundu na mkono wa pili anampepea mtoto mbu. Kaniangalia akasema, "Bado kumi."

Na mimi nikarudi kulala. Wanangu, yale maneno ya zima taa mtu anaweza kuyasema kwa uchovu na Mungu akamsamehe, lakini kumuona vile, nikaelewa, kisha nikarudi kitandani, hilo ndo linaloniuma mpaka leo. Umeme ule wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umefika Pemba 2010, yeye kastaafu 2015. Hesabuni wenyewe miaka ya kandili.

Basi nakuombeni. Ukimkuta na madaftari, maji teka wewe, watoto waoge kwako, nazi kuna wewe, mwanamme hapungui. Wake zenu wa sasa wana andalio la somo la kesho na juu yake grupu za wasap za wazazi, meseji zinaingia saa nne za usiku, usimnunie, muulize yamebaki mangapi kisha kaa nae hata kama hujui kusahihisha. Mshahara wake usiupangie, dini yetu imeshasema mali ya mke ni yake, akitoa ni kwa hiari yake. Na akipata uhamisho wa mbali usikimbilie kumwambia aache kazi, kaeni muangalie nani atabaki na watoto, nauli itatoka wapi, mama yako au mamake atasaidia vipi, haya mambo yanapangika watu wakikaa.

Mwalimu magoti yamemchoka kwa kusimama, siku hizi nazi nakuna mimi. Nimejifunza nna miaka 65, na yeye ndo kanifundisha, pole pole kama alivyowafundisha wale watoto penseli.

Na wewe kijana wa pale barazani, kama unasoma hapa, jina lako nimelificha na sina ugomvi na wewe. Njoo nyumbani siku yoyote baada ya laasiri, na mkeo umchukue, Mwalimu atafurahi kumuona. Mbuzi ile bado tunayo, mguu mmoja umelegea nimeutia msumari, nitakuonyesha.