Saruji inaziua nyumba za mawe za Kansas

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mwezi uliopita mlichapisha makala ya safari iliyosema kwamba katikati ya Marekani, ukishaiacha miji mikubwa, huoni kitu ila mahindi na nyumba za mbao zisizodumu. Kwa heshima zote, mwandishi wenu alipita na gari bila kushuka.

Mimi ni mwashi. Kazi niliijulia Mji Mkongwe, Unguja, nikimkorogea marehemu baba chokaa, na sasa ni mwaka wa kumi na moja naishi Wichita, jimbo la Kansas. Mwendo wa saa moja na ushei kutoka hapa iko Kaunti ya Chase. Wakazi wake hawafiki 3,000. Ng'ombe ndio wenye nchi. Huko kwenye vilima vya Flint Hills udongo ni haba, ukichimba kidogo tu umegonga jiwe, na ndiyo maana nyasi za asili zilisalimika na plau. Jiwe lenyewe ni la chokaa, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ndilo walilojengea.

Mahakama ya kaunti hiyo, iliyoko mji wa Cottonwood Falls, ilimalizika 1873, kwa mchoro wa John G. Haskell, na kesi zinasikilizwa humo mpaka leo. Paa lake ni la mtindo wa Kifaransa, limesimama karibu wima kama kofia, na ndani kuna ngazi ya mbao nyeusi za mti wa jozi inayopanda kwa kujizungusha. Nilipoiona mara ya kwanza nilipitisha kidole kwenye mkono wa ngazi nikitafuta ilipounganishwa, mpaka askari akaniuliza kama nimepotea.

Kilomita chache kaskazini iko nyumba ya Spring Hill, aliyoijenga mfugaji Stephen Jones mwaka 1881, miaka miwili kabla ya Beit al Ajaib yetu, lile jumba la sultani kule Mji Mkongwe. Banda lake la mifugo ni la mawe, ghorofa tatu. Hata choo cha nje ni cha mawe! Tangu 1996 mahali hapo ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo pana mwenyewe wa kupaangalia.

Shida iko kwenye nyumba zisizo na mgeni wala tiketi, za wafugaji wa kawaida, zilizotawanyika mabondeni. Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja ya namna hiyo na bibi mmoja mjane. Fundi aliyenitangulia alikwangua chokaa ya zamani katikati ya mawe akajaza saruji, akaisawazisha vizuri, akalipwa, akaenda zake. Majira ya baridi mawili yalitosha. Nilipoweka kiganja ukutani, uso wa jiwe ulinibakia mkononi kama biskuti iliyolowa, huku mstari wa saruji umetokeza mbele, mzima kabisa.

Sababu ni ile ile tunayoijua pwani. Ukuta wa mawe hunywa maji ya mvua na hupumulia kwenye chokaa. Saruji huziba njia hiyo, maji yakabaki ndani ya jiwe. Na Kansas yakiganda huvimba na kulipasua jiwe kutoka ndani. Kilicho laini ukutani kinapaswa kuwa chokaa, maana chokaa hubadilishwa. Jiwe utalibadilisha na nini?

Bibi aliniambia anafikiria kuomba nyumba iingizwe katika orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria, iliyowekwa kwa sheria ya 1966, ili ilindwe. Nilimwambia aombe, ni heshima, na wakati mwingine kuna msaada wa kodi. Lakini orodha hiyo yenyewe haimzuii mwenye nyumba anayetumia fedha zake kuivunja, sembuse kumzuia fundi na mfuko wake wa saruji. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na upande mmoja wa Beit al Ajaib ulianguka hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020.

Kwa hiyo, Mhariri, zaidi ya kusahihisha makala yenu, nawaandikia ndugu zangu wasomaji walioko Kansas, Missouri na Iowa, ambao najua wengi mko kwenye kazi za ujenzi. Mkipewa nyumba ya mawe ya karne ya kumi na tisa na mfuko wa saruji, kataeni huo mfuko. Bosi atanung'unika kwamba chokaa inachelewa kukauka. Mwambieni ndiyo, inachelewa.

Kwa yule bibi nimeshatoa saruji ya kuta mbili, kwa patasi ndogo, polepole. Zilizobaki nitarudi Mei, baridi ikishaondoka, kwa sababu chokaa mbichi haistahimili barafu. Natafuta mtu mmoja wa kukoroga, asiyejua nitamfundisha.

Mwashi wa Unguja,
Wichita, Kansas